Programu ya Marehemu Akaale

Harufu ndiyo iliyotangulia: tope bichi, tope la mafuriko, ndani ya chumba cha seva mjini Lodwar, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Jeanine, fundi wa zamu, akadhani ni kiyoyozi. Kisha programu ikazimika.

Programu hiyo aliiunda Akaale, mwenzake wa kazi, kabla mto Kawalase haujamzoa. Ndiyo iliyotuma mipangilio kwa seva zote za kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ikilala, mashine za alama za vidole hazifunguki, na bila kidole hakuna chakula.

"Dada Jeanine!" Nestor, mgawa chakula, alipiga simu kutoka kambini. "Foleni imefika barabarani. Mama yako ameanguka na hili jua. Fanya kitu!"

Akaiwasha. Ikazimika. Akapima mtandao, akafuta mafaili ya zamani kwenye diski, akaiwasha tena. Ikazimika, na kibodi ikamwachia maji vidoleni.

"Programu bado inaingia kwenye seva kwa jina la Akaale," alimwambia Erupe, mkuu wa ofisi.

"Futa! Marehemu hana kazi hapa. Weka langu."

Jeanine alipoliandika jina la Erupe, ndani ya kabati la seva mtu akakohoa, kikohozi kizito cha aliyemeza mto mzima, na taa zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine, na harufu ya tope ikapanda hadi kooni, na mchana ule wa jua kali chumba kikawa baridi kama kaburi.

"Bosi," alinong'ona, "ni yeye."

"Joto limekuchanganya. Yule mlevi alijitakia."

Mlevi! Hapo hofu ikamtoka Jeanine, hasira ikaketi mahali pake.

"Akaale, kaka yangu, wenye njaa kule Kakuma hawakukutuma mtoni! Mimi nilisikia. Ni huyu Erupe aliyekwambia vuka ama uache kazi. Huyu hapa!"

Kikohozi kikakoma. Taa zote zikarudi.

"Zimewaka!" Nestor alipiga kelele simuni. "Mama anakunywa maji, amekaa!"

Erupe hakusikia. Alivua viatu, akakunja suruali, akatoka hadi mtoni nyuma ya ofisi, akaanza kuvuka mchanga mkavu kwa hatua nzito za mtu anayesukumwa na mkondo. Katikati akainua kidevu, akatapatapa, akafumbua mdomo kuita.

Jeanine alisimama mlangoni akimtazama. Hakumwita.