Mwitaji Hukaa Nyuma

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni tuliliacha gari mwisho wa barabara ya malori ya magogo, mimi na Mjomba Verl. Kwa miaka sita nilikuwa nimewinda elki, wale kulungu wakubwa kama ng'ombe, kwa bunduki. Hii ilikuwa Septemba yangu ya kwanza na upinde, ule wa kisasa wenye magurudumu madogo nchani.

"Bunduki imekudekeza, Britta," alisema. "Mita mia tatu, pu, unaenda kunywa kahawa. Leo utanusa mkojo wa elki. Na ukipiga chafya, tunakula maharage mpaka Machi."

Kanuni ni hii: mwitaji hukaa nyuma, mpigaji mbele. Verl angekaa hatua sitini nyuma yangu, aigize sauti ya jike. Dume angeifuata sauti, na njiani angenipitia mimi. Mpigaji hageuki. Ukigeuka, dume anakuona.

Nikapiga magoti kati ya misonobari miwili.

Nyuma yangu sauti ya jike ikaita. Sauti nyembamba, kama mtoto anayeanza kulia... Kimya.

Ikaita tena. Karibu zaidi.

Nikakadiria hatua hamsini. Kisha arobaini. Ajabu, kwa sababu Verl hasogei anapoita. Harufu ikanifikia, ya sufu iliyolowa na chuma.

Ishirini.

Ndipo nikamwona Verl.

Mbele yangu.

Alikuwa ng'ambo ya korongo dogo, amepiga goti, upinde ameuvuta, ncha ya mshale imenielekea usoni.

Nyuma yangu jike akaita. Pumzi ikagusa shingo yangu.

"Usigeuke," Verl akanong'ona. "Usiseme kitu."

Upinde uliovutwa haushikiki muda mrefu. Nilihesabu. Sekunde ya arobaini ncha ya mshale ikaanza kuyumba. Sitini... Tisini...

Akaachilia.

Mshale ukapita kando ya sikio langu. Sikuusikia ukigonga kitu.

Tulikaa nusu saa bila kusogea, kama wawindaji wa upinde wanavyokaa ili mnyama afe kabla ya kufuatwa. Kisha Verl akavuka korongo, mshale mwingine tayari kwenye uzi. Hakukuwa na damu. Mshale wa kwanza hatukuuona.

"Niliacha kuita zamani," alisema. "Upepo uligeuka, ukapeleka harufu yetu kwa wanyama, nikazunguka nije kukuchukua. Nikakuona."

"Basi mbona ulinilenga?"

"Mlikuwa wawili. Wewe, na wewe nyuma yako."

"Ulimpiga yupi?"

Akarudi hatua mbili, mshale bado kwenye uzi.

"Mmoja ametoweka," alisema. "Tangulia. Nataka nikuone."

Nikatangulia kuelekea garini. Alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, hatua kumi nyuma yangu.

"Mbwa wetu aliyegongwa?"

"Juno."

"Mama yako alikuwa ananitania vipi?"

"Bata mzee."

"Kovu la kidevuni?"

"Jiko la kuni. Nilikuwa na miaka minne na miezi miwili."

Nilijibu yote bila kukosea. Nilitamani ningekosea hata moja, kama mtu anavyokosea.

Nyuma yangu magurudumu ya upinde yakazunguka, polepole, uzi ukivutwa.

"Tembea," akanong'ona.

Hakuniita kwa jina.