Wakala wa Bwana Harusi

Jumanne, tarehe 6 Juni 1848, saa kumi kasorobo alasiri, mvua ilikuwa ikivipiga vigae vya Comayagua kwa hasira, hata waliomo sebuleni wakalazimika kupaza sauti. Wakili Crisanto Bardales, Spika wa Bunge, mtu aliyezoea kuwanyamazisha wabunge kwa kukohoa tu, alisimama katikati ya zulia akishindwa kutamka sentensi moja.

— Hii mara ya tatu tunarudia kiapo, Wakili, alisema Doña Nicanora huku akishona shela. Hotuba za saa mbili unazimudu, maneno kumi yanakukaba. Tukuletee mwiko tuyachote?

Mbele ya Crisanto alisimama mpwa wa bibi huyo, Eduviges Fiallos, mkono ameunyoosha akingojea pete. Kesho asubuhi angeozwa kwa Kanali Leoncio Cubas, ambaye marehemu baba yake alimwahidi kumwoza tangu binti ana miaka kumi na saba. Kanali alikuwa uhamishoni San Salvador. Akikanyaga Honduras, risasi ilimngoja. Ndiyo maana alituma hati ya uwakala, ili Crisanto asimame kanisani mahali pake, amvishe bibi harusi pete na kuapa kwa jina lake. Padri angewafungisha ndoa leo hii, ila Doña Nicanora aligoma: Jumanne ni siku ya mkosi, mtu haoi wala hapandi merikebu.

Barua iliyofuatana na hati ilikuwa fupi: "Ndugu yangu, siku nilipokutoa ukutani mbele ya bunduki, uliniambia nidai chochote. Nadai hiki."

Crisanto alikuwa amekubali kwa barua ya siku ileile. Wafuasi wa Kanali ndio waliomkalisha kwenye kiti cha Spika, lakini si hilo lililomfunga. Alikuwa ametoa neno lake. Kwa miaka minne alikuwa akija nyumba hii kila Alhamisi kwa ajili ya kesi ya mirathi ya marehemu. Kesi iliamuliwa mwaka wa pili. Yeye aliendelea kuja, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Doña Nicanora aliweka sindano chini, akaenda jikoni kutazama chokoleti, mlango akiuacha wazi kama inavyopasa.

— Sema, Eduviges alinong'ona. Kesho utasema mbele ya padri.

— Hati ni batili.

Mkono wa Eduviges ulishuka taratibu.

— Kivipi?

— Ina shahidi mmoja. Sheria inataka wawili. Niliona tangu Jumamosi.

— Leo Jumanne.

— Najua.

— Na kesho ungenivisha pete kwa karatasi unayoijua ni mbovu?

— Ningekuvisha. Usingekuwa mke wake, na mimi ningekuwa nimelipa.

Eduviges alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

— Yaani yeye umpe karatasi, mimi unipe aibu, wewe ubaki na jina safi. Nilale na mwanamume asiye mume wangu, nizae watoto wasio na baba, ili Wakili Bardales asiitwe mvunja ahadi. Hongera, msomi.

Crisanto alijitetea kwamba angemweleza kabla Eduviges hajafunga safari ya San Salvador kwa mumewe. Eduviges akamwuliza siku gani.

— Nakupenda, Eduviges.

— Hilo nalijua tangu kesi ya baba ilipokwisha na ziara zako hazikwisha. Nami sikukufukuza, basi usijifanye hujui jibu langu. Ninalokuuliza ni jingine. Siku ile ukutani, Leoncio aliokoa roho ya nani?

— Yangu.

— Sasa mbona ninayetolewa kulipa ni mimi?

Crisanto alikuwa amejibu kwa mdomo hoja za maaskofu na majemadari. Hii aliamua kuijibu kwa maandishi. Alivuta kiti, akaomba wino. Doña Nicanora aliporudi na sinia alimkuta akiandika, na alipomaliza alisoma kwa sauti, wote wawili wasikie:

"Kanali, hati yako imepungukiwa na shahidi. Nakuarifu usije ukadhani nimejificha nyuma ya kasoro hiyo, kwani hata ukiirekebisha sitasimama. Roho yangu bado ni deni ninalodaiwa nawe. Ukinihitaji vitani, mahakamani au gerezani, niite, nitakuja. Lakini Eduviges si mali yangu hata nikulipe naye. Nampenda, na nitamposa kwa jina langu mwenyewe. Malipo uliyoyataka nayakataa."

— Watakuvua kiti, alisema Doña Nicanora.

— Watanivua, Doña.

— Na bata mzinga tumeshamchinja.

Eduviges alichukua kalamu kutoka mkononi mwa Crisanto, akainama, na chini ya sahihi yake akaandika kwa herufi kubwa zisizotetemeka: "Nami nakataa. Eduviges Fiallos."