Vidole vya Jacira

Kila jioni Bibi Zulmira aliyeyusha kidonge kimoja cha pamanganeti, dawa ya kuoshea upele, kwenye jagi la maji, akikitia kwa kijiko. Jacira alimimina dawa hiyo kwenye beseni kubwa la maji mpaka yakawa ya waridi hafifu, kisha akamwogesha mdogo wake Edinho, aliyeugua tetekuwanga.

"Yakiwa ya zambarau, mwaga," Bibi alimwonya kila siku.

Jioni moja, kinanda kilisikika kutoka uwanja wa kanisa. Mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana yalikuwa yameanza, na Jacira alikuwa amechoka kukaa nyumbani. Aliona dawa ikizidi, upele utapona upesi. Bibi alipotoka, akavunja vidonge vitatu zaidi kwa vidole vyenye maji, akavitupa kwenye beseni; maji yakawa ya zambarau.

"Inauma!" Edinho alilia.

"Acha kudeka, we!" Jacira alimjibu. Akamfuta harakaharaka, akatimua mbio.

Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Jirani alimwelekeza kituo cha afya, akawakuta huko Mama na Bibi, Edinho amelala kifudifudi, mgongo umeungua.

"Nilikwambia, mama, macho yako hayaoni tena!" Mama yake Jacira alimfokea Bibi. "Usimguse tena mwanangu!"

"Labda nilihesabu vibaya," Bibi alisema, machozi yakimtoka.

Jacira alificha mikono nyuma. Alijichukia, lakini hakukiri.

Nesi Creusa aliishika mikono ya Bibi, akaigeuza. Ilikuwa safi.

"Dawa hii imebeba oksijeni nyingi, ndiyo maana inaua vijidudu," alisema. "Ikishaitoa, ile zambarau inageuka kahawia, na sabuni haiitoi. Aliyeshika vidonge hivyo anayo vidoleni. Si huyu bibi."

Mama aligeuka. Jacira akatoa mikono taratibu. Vidole vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha.

"Niliongeza vitatu, Bibi. Nisamehe."

Bibi hakumkumbatia. "Haraka ni kosa, mjukuu wangu, na kosa husameheka. Lakini uliniacha niamini nimemchoma mtoto kwa mikono yangu. Anayemtwika mwenzake kosa lake huunguza watu wawili."

Mama alimwomba Bibi radhi palepale. Baada ya siku kumi vidole vya Jacira vilitakata; mgongoni mwa Edinho kovu lilibaki. Na Bibi, ambaye hakuwahi kukosea hata siku moja, hakutia tena kidonge kwenye jagi bila kuuliza kwanza:

"Jacira, hebu nitazamie. Ni kimoja kweli?"