Kopo Moja la Rangi Nyekundu

Mtoto alikutwa na virusi vya UKIMWI akiwa na miezi minane. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kulikuwa na safari moja ya kliniki ambayo haikufanyika, basi.

Dada yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani walimwita Msasa, kwa sababu kila jioni akitoka shule alikwenda karakanani kwa baba yake, fundi wa mageti, akachukua kipande cha msasa na kusugua kutu kwenye vyuma. Jioni ile alikuta mama ameketi jikoni na mtoto mapajani, sufuria halijabandikwa.

"Kaa hapa," mama alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Bora uyasikie kwangu kuliko barabarani."

Mama akamweleza bila kuzunguka. Mimba ilipokuwa changa alipimwa, akaambiwa yuko salama. Nesi akamtaka arudi kupimwa tena miezi ya mwisho, na aje na mumewe. Hakurudi. Hapo katikati aliambukizwa, hakujua, na mtoto akavipata virusi kutoka kwake. Kile kikohozi kisichopona, na ule uzito uliogoma kupanda, kumbe chanzo chake kilikuwa hicho.

Msasa aliikumbuka siku ya kurudi kliniki. Ilikuwa Jumamosi. Katikati ya karakana lilisimama geti kubwa la kiwanda cha magodoro, na lori lilikuwa linakuja kulichukua saa nane. Mama alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Baba akainua kofia yake ya kuchomelea.

"Unakwenda wapi na geti halijapakwa?"

"Leo ndiyo siku ya kipimo. Wamesema twende wote wawili."

"Si ulishapimwa? Damu si kitambaa, useme imechuja! Na mimi nikapimwe nini? Nitazame." Akajipiga kifuani mpaka vumbi la chuma likaruka. "Huyu ni mgonjwa huyu?"

Msasa alicheka. Mama mwenyewe alitabasamu kidogo. Hakuna aliyekuwa na mkono mzuri wa brashi kumshinda mama, na baba alijua hivyo. Mama akavua viatu, akashika brashi. Lori lilifika, geti likaondoka, na jioni baba akamnunulia Msasa viatu vipya vya shule. Wiki zile za mwisho za mimba kazi hazikukatika, na siku ya kwenda kliniki haikupatikana tena.

Sasa nesi alikuwa amesema mtoto aanze dawa kesho yake asubuhi, na baba aje apimwe. Mama alipompelekea habari hiyo karakanani, Msasa akiwa nyuma yake, baba hakuinua kichwa.

"Kesho nina madirisha sita ya watu," alisema. "Mtoto anacheka, ananyonya. Hicho ni kikohozi tu. Tutakwenda kazi ikipungua."

"Ikipungua lini, baba Msasa?"

"Nimesema ikipungua."

Lakini Msasa aliona kwamba nondo ileile moja baba aliipima kwa futi mara tatu, na bado hakuikata.

Kabla mama hajajibu, sauti ikasikika kutoka barabarani.

"Fundi! Njoo uione aibu yako!"

Alikuwa mwenye nyumba za kupangisha, mwanamke mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliujua. Nyuma yake vijana wawili walibeba mlango wa chuma. Sehemu ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, ukigusa inabomoka kama biskuti.

"Miaka miwili tu! Wapangaji wananicheka, wanasema mlango wangu una meno mabovu. Wewe ni fundi au ni muuza vyuma chakavu?"

Baba aliruka kama aliyemwagiwa maji. Heri kugombana na mteja kuliko kuzungumza habari ile nyingine.

"Mama, siku ile nilikuambia nini? Nilikuambia toa pesa ya kopo moja la rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu, nipake kwanza chini. Ukanijibu nini?"

"Nilisema rangi ya chini nani ataiona."

"Haya! Leo unaiona? Kopo moja, mama! Sasa nikate chini yote, ninunue chuma kipya, niunge, nichomelee, nipake. Na bado kutu imeshaingia ndani ya maungio. Kila mwaka utaniita nije nisugue. Chuma hukingwa kikiwa kizima! Kikishaliwa, unakinga nini?"

"Usinipigie kelele, fundi. Mimi si mke wako."

Baba akamgeukia mkewe. Mama alikuwa amesimama kando ya rafu ya rangi, anampangusa mtoto mate. Nyuma yake makopo mekundu yalikuwa yamepangwa mpaka juu.

Baba akakaa juu ya rundo la nondo.

"Uache hapo mlango wako," alimwambia yule mwenye nyumba. "Nitautengeneza kesho kutwa. Kesho nimefunga."

"Wewe? Umefunga? Kwani amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Nataka ibaki hivyohivyo."

Asubuhi walikwenda wote wanne. Nesi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapima baba na Msasa kwa tone la damu kidoleni. Msasa alikuwa salama. Baba alikuwa na virusi, na huenda alikuwa navyo siku nyingi.

"Sasa ni nani alimwambukiza nani?" baba aliuliza kwa sauti ndogo, japo jibu alikuwa nalo.

"Fundi, nyumba ikiungua unatafuta kiberiti au unatafuta maji?" nesi alimjibu. "Tutafute maji. Wewe na mama mnaanza dawa leo, na mtoto pia."

Msasa alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Kama mama angerudi ile siku?"

Nesi alitazama wazazi kwanza. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba aseme.

"Tungeviona, mama angeanza vidonge palepale. Vidonge vinavipunguza virusi mwilini mpaka viwe vichache sana. Mtoto akizaliwa angepewa dawa ya maji wiki chache tu, halafu tunampima. Karibu watoto wote wanaokingwa hivyo wanatoka salama."

"Na sasa?"

"Sasa ni kila siku ya maisha yake. Akizinywa vizuri atakua, atasoma, atazeeka na kuwasumbua wajukuu. Lakini ni kila siku."

"Na bei yake?" baba aliuliza.

"Hapa hamlipi. Lakini yuko anayelipa, fundi. Fedha ya kumtibu mtoto mmoja maisha yake yote ingetosha kuwakinga wengi."

Wakirudi, Msasa alitembea akiangalia viatu vyake. "Baba, mimi nilicheka siku ile."

"Ulicheka kwa kuwa nilikuchekesha. Huo mzigo ni wangu, usiubebe." Walipovuka barabara, akaongeza. "Na nikuambie ukweli. Haikuwa kazi, mwanangu. Niliogopa kupimwa, nikajificha nyuma ya geti. Wewe usije ukafanya hivyo. Ugonjwa hauondoki kwa sababu hujauuliza jina. Kinga ni ndogo, tena ni rahisi, lakini ina wakati wake. Ukipita, umepita."

Mtoto alianza kunenepa. Kikohozi kiliondoka, meno mawili yakaota, akajifunza kumvuta Msasa nywele. Baba alitundika saa ya ukutani jikoni, akawa yeye mwenyewe wa kupima dawa, asubuhi na jioni.

Siku ile ya geti, wangetoa nauli ya watu wawili, asubuhi moja ya kazi na matone mawili ya damu. Sasa wanatoa dawa kila asubuhi na kila jioni, karakana inafungwa kila siku ya kliniki, na iko siku inakuja ambayo watamkalisha mtoto akishakua na kumweleza kwa nini anakunywa dawa hizo. Geti waliliuza vizuri. Liliwapa chakula cha wiki tatu na jozi moja ya viatu, na viatu vilimbana Msasa kabla mwaka haujaisha.