Njia ya Maji Chuoni

Mjini Bunia, wakati wa vita, asubuhi ilianza na kutafuta maji. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, kwa hiyo Mama Arlette aliteka maji ndani ya uwanja wa chuo kikuu. Siku hiyo alirudi na bidoni, dumu lake la maji, ikiwa tupu, akihema.

Binti yake Jemima, mwanafunzi wa chuo hicho, alikuwa amepita nyumbani kula. Akashangaa.

"Mama, juu ya nini umerudia bila mayi?"

"Kuko barrière ku mulango ya chuo. Niliona matawi na kamba, nikageuka."

Jemima akacheka. "Mama! Ni siye banafunzi! Tunaandamana juu ya Yves na benzake."

Kaka yake Yves alikuwa amekimbilia mji wa Aru kuepuka risasi, pamoja na wanafunzi wengine wengi. Chuo kilitaka kufanya mtihani wiki iliyofuata, na asiyekuwepo angepoteza mwaka mzima. Jambo hilo lilimuuma sana Jemima. Ndiyo maana yeye na wenzake walifunga lango.

"Ningejua namna gani?" mama alisema kwa hasira. "Siku hizi ku barrière banaulizaka kabila yako. Mi sikungojea kuona sura ya mutu."

Kicheko kikamkauka Jemima. Wanafunzi wale wale waliolaani vizuizi vya barabarani walikuwa wameweka chao. Mkuki kwa nguruwe!

Hata hivyo alitaka kuelewa. Wakiacha njia wazi, nani atawasikiliza? Akamwendea jirani yao, Madame Charlotte, aliyefundisha sheria chuoni.

"Kuandamana ni haki yenu," alisema Charlotte. "Mukusanyike, muimbe, museme. Lakini kiwanja si ya banafunzi peke yabo. Mwenye anatafuta mayi iko na haki. Mwenye anasoma ku bibliothèque pia."

"Kama hatufunge, mukubwa wa chuo atatusikia?"

"Weye unataka asikie, ao unataka aogope?"

Jemima akaketi karibu naye amsikilize.

"Mumwambie mbele fasi na saa," Charlotte aliendelea. "Mukae mbele ya bureau yake, muache njia. Muchague batu ya kuongea naye."

Kesho yake Jemima aliwaeleza wenzake; wengine walinung'unika, lakini matawi yaliondolewa, na mkuu akaambiwa mapema mahali na saa. Wakaketi kwenye majani mbele ya ofisi, mbali na maktaba, wakaimba. Mkuu wa chuo akatoka kuzungumza na wajumbe wao. Akina mama waliokuja kuteka maji wakasimama kusikiliza. Mama Arlette akatua bidoni yake, akasogea mbele bila kuitwa.

"Muzee, mutoto yangu Yves iko Aru. Hakukimbia masomo, alikimbia masasi. Mumungojee."

Mkuu alimtazama mama huyo, kisha akainamisha kichwa. Jioni tangazo lilibandikwa: mtihani umesogezwa mbele mwezi mmoja, na waliokimbia wapelekewe habari.

Yves alifika amechoka, viatu vimepasuka, akafanya mtihani wake. Neno lililomrudisha lilisemwa na mwanamke aliyekuja kuteka maji tu, kwa sababu siku hiyo njia ilikuwa wazi.