Kiapo Juu ya Tangi

Haya yalimkuta shangazi yetu. Ukiona ni uongo, baki na mashaka yako. Sisi tuliomwona aliporudi nyumbani siku ile hatuna hamu ya kubishana na mtu.

Shangazi alikuwa msimamizi wa kituo cha kuzalisha samaki. Si samaki wa kukaanga, na tulimtania sana kwa hilo. Ni visamaki vya kijivu vilivyokwisha ziwani kabisa, vikabaki kwenye matangi yake tu. Kazi yake ilikuwa kuvizalisha mpaka viwe vingi, kisha kuvirudisha ziwani. Jike wa samaki hao hulea mdomoni: hubeba mayai humo, yakianguliwa hubeba vifaranga, na muda wote huo hali kitu. Shangazi humwinamisha jike juu ya beseni, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, vifaranga wakamiminika. Wenyewe waliita kukung'uta. Na ukimfungua mdomo ndipo unapoiona alama ya ukoo wao, doa la buluu kwenye kaakaa, ambalo samaki mwingine hana.

Msaidizi wake, kituo kizima kilimwita Pacha, kwa jinsi wawili hao walivyokuwa chanda na pete. Shangazi ndiye aliyemfundisha kazi. Shangazi alipofiwa na mama yake, Pacha ndiye aliyeachiwa matangi. Tena alikuja mazikoni, akabeba jeneza, akamnong'oneza, "Lia tu, dada. Samaki wako wazima." Hata shangazi aliporudi kazini, Pacha alimwambia apumzike, kukung'uta atafanya yeye. Shangazi alimshukuru Mungu kwa kumpa mdogo ambaye mama yake hakumzaa.

Asubuhi moja, siku ya kwenda ziwani ikiwa imekaribia, shangazi alijisikia nafuu, akashika wavu mwenyewe. Jua lilikuwa limewaka, pampu za hewa zinakoroma kama kawaida. Akamfungua jike wa kwanza. Kaakaa jeupe. Akamfungua wa pili, wa tatu, akaenda tangi la jirani, akafungua hata madume. Yote meupe. Walikuwa samaki wa kufugwa, wa bwawa lolote lile, wanaofanana na wake kwa nje tu. Wake hawakuwepo tena duniani.

Alimwita Pacha kwa sauti ndogo. "Wako wapi?"

"Nani, dada?"

"Usinichezee, mdogo wangu. Walikufa nikiwa msibani? Sema tu."

Pacha akacheka kidogo, akatumbukiza mkono tangini. "Kama nimewabadilisha, samaki hawa hawa wanikabe." Akautoa mkono, akajipangusa mdomo kwa kiganja kile kile kibichi.

Shangazi alitaka kumwamini. Ndicho kilichomuuma zaidi baadaye.

Wenzao walipokaa kula mchana, Pacha hakula. Walimtania kwamba amefunga bila kuwaambia. Aliinuka akiwa amefumba midomo, mashavu yamevimba kidogo, kama mtu aliyesukutua maji akasahau kuyatema.

Shangazi alimfuata stoo. Alimkuta amegeukia ukuta.

"Pacha."

Akageuka. Alikuwa analia. Alihema kwa pua, kwa shida. Mashavu yake yalikuwa yanacheza. Si yeye aliyeyachezesha.

Akauonyesha mdomo wake kwa kidole. Akapiga magoti.

Mikono ya shangazi inajua kazi yake. Akavuta beseni. Akamwinamisha kichwa. Akaweka kidole gumba kwenye mdomo wa chini. Akafungua.

Wakamiminika.

Maji yalikuwa baridi. Yaliendelea kutoka. Vifaranga wa kijivu, kwa mamia. Hawakufa. Waliogelea.

Akamchota mmoja kwa kijiko, akaenda naye dirishani kwenye mwanga. Samaki akapanua kinywa. Ndani, buluu.

Shangazi alikaa chini sakafuni. Samaki wake walikuwa wamerudi, na hakuweza kufurahi. Samaki hufa, pampu ikizima saa chache tu wamekwenda, na angelia, angemsamehe. Lakini kulibeba jeneza la mama yake huku unajua wamekufa! Kumnong'oneza sikioni huku unajua!

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza. "Ningekufanya nini mimi?"

Pacha akafungua mdomo ili ajibu. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Shangazi akachungulia, akapiga ukelele uliowaleta wenzao wote stoo.

Vifaranga wale walikua, wakapelekwa ziwani, na wapo mpaka leo. Watu walimpongeza shangazi, naye aliwashukuru bila kutabasamu. Jibu lake hajalipata, wala hatalipata. Pacha, hata akipewa kalamu, huitazama tu mpaka imponyoke.

Siku ile walimkimbiza hospitali. Daktari alimmulika kinywani, akamgeuza kichwa huku na huku, akatafuta damu, akatafuta kovu. Kisha akamuuliza shangazi kwa upole, kama anayeuliza jambo la kawaida, "Huyu ndugu yako alizaliwa hivi hivi, bila ulimi?"