Tembo wa Mchana

Edina alikuwa akipepeta karanga nje ya jiko, na maganda yakawa yanamwangukia mumewe miguuni. Lameki Njovu alisogeza miguu mara ya kwanza. Akaisogeza tena. Mara ya tatu akaiacha hapo hapo. Mkewe hakuwa anamchokoza. Hakuwa anamwona.

Mwezi wa Januari walikwenda hospitali ya mkoa. Daktari alimpima Edina, akavua miwani yake, akawaambia pole pole.

"Ni presha ya macho, mama. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto tutalilinda kwa dawa ya matone. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki tunaweza kukitunza. Tone asubuhi, tone jioni. Na mrudi kila mwezi bila kukosa."

Walirudi nyumbani. Usiku ule Edina hakula nsima, ule ugali wao. Asubuhi alimwambia mumewe neno moja tu.

"Nataka kumwona tembo mchana."

Lameki alielewa. Kijiji chao kiko ng'ambo hii ya mto Luangwa, na hifadhi iko ng'ambo ile. Tembo huvuka usiku kuja kula mahindi. Edina alilinda shamba zaidi ya miaka thelathini, akipiga makopo gizani. Alijua kishindo cha tembo, alijua harufu yake. Sura yake hakuijua vizuri. Na miaka saba iliyopita, mtoto wao wa kwanza, Yoramu, alitoka usiku na kopo lake kuwafukuza. Tembo mmoja alimuua.

"Huyo aliyeniulia mwanangu sikumwona," Edina alisema. "Nilimsikia tu. Nataka nimwone kwao, ametulia, yuko na watoto wake. Kabla hili jicho halijazima. Labda moyo wangu utatulia."

Kuna jambo jingine lililokufa siku ile pamoja na Yoramu. Lameki ni wa ukoo wa Njovu, yaani tembo. Edina ni wa ukoo wa Mvula, yaani mvua. Koo hizo mbili ni watani. Zamani tembo wakila shamba, Edina alimwambia mumewe, "Ndugu zako wamekuja tena, na hawakupiga hodi." Paa likivuja, Lameki alimjibu, "Nenda kawapokee ndugu zako, wameshukia chumbani." Tangu mazishi ya Yoramu, hakuna aliyemtania mwenzake. Nani angethubutu? Lameki aliukosa utani ule kama mtu anavyokosa chumvi. Hakumwambia mtu.

"Nitakupeleka," alisema. "Tena upesi."

Jirani yao Tionge alisikia kutoka uani kwake, akiwa anaanika nguo. Tionge alikuwa mwongoza watalii mwenye leseni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole lakini hafichi neno.

"Baba," alisema, "safari ya hifadhini hupangwa. Njoo tukae nikuelekeze."

Lameki akacheka. "Binti, mimi nimemaliza soli za viatu huko kabla wewe hujaota meno."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka thelathini alifanya kazi kwenye kambi ya safari za miguu za watalii. Mbele hutangulia askari mwenye bunduki, kisha mwongozaji, kisha wageni. Nyuma kabisa alikuwa Lameki na kapu la chai. Kila asubuhi, chini ya mti fulani, aliwasha moto akawamiminia wageni chai. Lakini kubeba birika si kupanga safari. Wengine walichagua mwezi, wengine walilipia getini, wengine waliuliza hali ya barabara. Yeye alipanda gari na kapu lake. Hilo hakulifikiria hata kidogo.

Basi mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, alimwita mpwa wake Sandros mwenye pikapu. Waliondoka saa nne, jua limeshapanda. Getini waliombwa vitambulisho. Vilikuwa nyumbani. Sandros akarudi kuvifuata, na hadi wanaingia ilikuwa adhuhuri. Majani yalikuwa marefu kuliko gari. Maji yalikuwa kila mahali, kwa hiyo wanyama hawakuwa na haja ya kuja mtoni. Edina alisogeza uso dirishani, jicho lake moja likitafuta. Hakuona hata mkia wa swala.

"Kata kushoto," Lameki alimwambia Sandros. "Najua njia."

"Mjomba, hapa pana tope."

"Kata, nimesema. Lori la kambi lilikuwa linapita hapa kila siku."

Lilipita, kweli, wakati wa kiangazi. Kambi yenyewe ilikuwa inafungwa mvua zikianza. Lameki hakuwahi kuiona njia ile masika hata siku moja. Gari lilizama kwenye udongo mweusi mpaka kwenye ekseli. Simu haikushika mtandao. Walilala humo garini, madirisha wazi kwa joto, bila neti, na mbu wakawala mpaka alfajiri. Asubuhi askari wa wanyamapori waliwavuta kwa trekta.

Wiki mbili baadaye Edina alishikwa na malaria. Ilimlaza mwezi mzima. Matone yaliisha, na katika mahangaiko yale hakuna aliyekumbuka. Tarehe ya kliniki ikapita. Walipofika tena kwa daktari, jicho la kushoto lilibaki kujua mwanga na kivuli tu.

Daktari hakuwagombeza. Lameki alitamani angegombezwa.

Mwezi wa Juni alikwenda uani kwa Tionge, kofia mkononi.

"Binti, nifundishe."

Tionge hakumcheka. Alimwekea kigoda, naye akaketi juu ya ndoo. "Nikufundishe nini, baba?"

"Ningekuuliza mwaka huu ulipoanza, mke wangu angemwona tembo. Nimemnyima kwa kiburi changu. Na sasa sijui hata kama kuna haja. Haoni."

"Umemuuliza mwenyewe?"

Sauti ya Edina ilitoka jikoni, upande wa pili wa ua. "Masikio hayana presha. Nitakwenda."

Lameki aliinama. Tionge akaanza.

"Kwanza, jiulize unataka kuona nini. Safari hupangwa kuanzia hapo. Anayetaka simba aingie alfajiri. Mama anataka tembo na watoto wake. Hao huja kunywa jua likichoma. Na mwezi wenyewe ni Septemba. Madimbwi yamekauka, majani yamelala, kila mnyama anaufuata mto."

"Septemba," Lameki alirudia.

"Pili, mimi nitaweka nafasi mapema na kuuliza getini barabara zipi zinapitika. Nyinyi leteni vitambulisho. Wenyeji wana kiingilio chao, ni nafuu kuliko cha wageni. Tatu, Sandros akague gari. Gurudumu la akiba, mafuta, maji ya kunywa ya siku mbili hata kama tunakwenda siku moja."

"Na dawa?"

"Dawa ya macho iwe kwenye mkoba wa mama, si kwenye begi nyuma. Mkapite kliniki kabla, mkaulize kuhusu kinga ya malaria. Halafu jua likizama tuwe tumeshatoka." Tionge aliinua kidole. "Na machungwa msibebe."

"Machungwa yana kosa gani?"

"Wewe ulibeba chai miaka thelathini. Uliwahi kuona mpishi anakupa machungwa?"

Lameki akafikiri. "Hapana. Na sikuwahi kuuliza."

"Tembo huyasikia harufu toka mbali. Atavunja gari kuyafuata."

Edina alikuwa amekuja taratibu, mkono ukipapasa ua. Kichwani alijifunga kitambaa cheusi. Alikivaa siku ya mazishi ya Yoramu. Mila ilimruhusu kukivua baada ya mwaka. Hakukivua.

Tionge alikitazama, akashusha sauti. "Mama, kuna moja zaidi. Mbung'o hufuata nyeusi na buluu. Watakuuma siku nzima. Siku ile vaa rangi ya mchanga, au ya majani makavu."

Edina alikigusa kile kitambaa.

"Nitatafuta kingine," Edina alisema.

Siku ya safari, mwezi wa Septemba, alitoka ndani na kitambaa cha rangi ya karanga. Cheusi alikuwa amekikunja, akakiweka chini ya mto wa kitandani. Lameki alimshika mkono kumpandisha garini na akachelewa kuuachia.

Gari lilikuwa getini saa kumi na mbili, lango likifunguliwa. Tionge, aliyekuwa mbele na Sandros, hakumkimbiza mnyama yeyote. Aliwapeleka kwenye kivuli cha mkwaju, juu ya ukingo ambapo tembo huteremka, akaagiza gari lizimwe.

"Sasa tunangoja. Hakuna kushuka. Hakuna kupaza sauti."

Walingoja saa nzima, kisha ya pili. Tionge alitazama saa, akatoa matone kwenye mkoba wa Edina na kumtia jichoni. Jua likapanda, likaanza kuchoma. Lameki alianza kuomba moyoni. Hapo Edina akainua kidole.

"Wanakuja."

"Wapi?" Lameki aliuliza. "Mbona sioni kitu."

"Wewe una macho. Nyamaza."

Tawi lilivunjika vichakani. Kisha wakatokea, mmoja nyuma ya mwingine, wakishuka majini. Lameki alimsogelea mkewe sikioni.

"Mbele kuna jike kubwa. Wako ishirini hivi," alinong'ona. Alitaka kumpa wengi.

"Usimdanganye mlinzi wa mahindi, Lameki. Hawafiki kumi."

Walikuwa wanane.

"Kuna mtoto?"

"Yupo. Mdogo sana. Anashuka ukingo, tope linamtelezesha. Ameanguka. Mama yake anamwinua kwa mkonga. Ameanguka tena."

"Na mama yake?"

"Amesimama. Anamngoja."

Machozi yalimtoka Edina, naye hakuyafuta. "Yoramu alikuwa akiteleza vile, pale kisimani," alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Shambani niliwasikia wakikimbia tu, nasi tunapiga makopo. Sikujua wanaweza kutembea taratibu hivi." Aliusogeza uso wake kwenye mwanga. "Naona kivuli. Kinapita. Basi. Kinatosha."

Alichokiona kilikuwa kidogo, na wote garini walijua kingeweza kuwa kikubwa zaidi. Lameki alijua kuliko wote.

Tembo walikunywa kwa kishindo, wakimwagiana maji. Edina alisikiliza muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Ndugu zako hawa. Wanakunywa kwa fujo kama wajomba zako kwenye pombe ya arusi yetu."

Lameki aliutambua ule utani wao. Miaka saba. Mtani akitaniwa hujibu, ndivyo walivyolelewa, lakini jibu alilokuwa nalo lilikuwa na ule mwezi wa Machi ndani yake. Aliogopa kulitoa. Mwisho akalitoa.

"Afadhali wao wanakunywa maji tu. Ndugu zako mwezi wa Machi walitumeza na gari."

Edina akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko, na mkono wake ukautafuta wa mumewe mpaka ukaupata. Tionge na Sandros walitazama mbele.

Lameki alifungua chupa ya chai. Kwa miaka thelathini alikuwa amemimina chai huku hifadhini, kikombe kwa kila mgeni. Alimimina kimoja, akatia vijiko viwili vya sukari, akamwekea mkewe mikononi. Akavikunja vidole vya Edina juu ya kikombe, kimoja kimoja, mpaka akahakikisha amekishika.